Kiambishi Nafsi

Raya karudi likizo kutoka Tunguu
na daftari lenye doa la mafuta ya bajia.
"Shangazi, wewe unosomesha sarufi,
nisikilize kabla ya mtihani.
Nani ni nafsi katika sheria ya mataifa?"

Nikamjibu bila kuinua uso kwenye ungo wa mchele:
nafsi ziko tatu. Mimi, wewe, yeye.

Akacheka mpaka paka akatoka jikoni.
Siyo hizo. Nafsi ni dola:
iwe na ardhi, iwe na watu, iwe na serikali,
iweze kupeana mkono na wenziwe.
Kisha jumuiya za madola.
Kisha, kwa kuvutana, Msalaba Mwekundu
na kiti cha Papa.
Na mtu? Mtu mmoja, mwenye viatu?
Akafunua kurasa, akarudi nyuma, akafunua tena.
"Hapo wataalamu wamekhitilafiana."

Basi kiti kina nafsi,
na Fostina Nandonde, wa tatu upande wa dirisha,
wamekhitilafiana.

Babu yake alivuka kuja kupalilia mikarafuu.
Siku hizo hakuulizwa karatasi, alitazamwa mikono.
Mama yake kazaliwa hapa Limbani. Yeye kazaliwa hapa Limbani,
kitovu chake kiko nyuma ya banda la makonyo.
Sheha anataka cheti cha mama.
Cheti cha mama kinataka cha babu.
Babu yuko kaburini,
na kaburi halitoi nakala.

Nikamuuliza Raya: hizo nafsi zenu, hazifi?
Akanyamaza. Alijua ninakoelekea.
Visiwa hivi navyo vilipata kiti kule Niuyoki,
miezi isiyotimia mitano.
Kabla kiti hakijashika joto la mkaaji
kikaunganishwa na cha jirani.
Hakufa mtu, tukaambiwa, ni nafsi mbili zimekuwa moja.
Na sarufi yangu hailikatai hilo:
mimi na wewe, huwa sisi.
Ila hapo "mimi" huwa amekwenda wapi,
miaka ishirini na sita nashika chaki
sijaliona kitabuni.

"Hilo haliji kwenye mtihani," Raya akasema,
akachukua bakuli, akenda kuosha mchele.

Jumatatu nimeita majina.
Orodha ya mashine inamruka Fostina,
kutoka Mwinyi mpaka Omar, kama anayevuka dimbwi.
Nimemwandika chini, kwa mkono, nje ya mistari.
Nandonde?

"Nipo."

Ni-: kiambishi nafsi, ya kwanza, umoja.
-po: mahali dhahiri, panapojulikana.
Angesema "niko" ningemwachia shaka kidogo.

Fomu za mtihani zinafungwa Alkhamisi.
Penye uraia pana kijisanduku,
hakitoshi hata punje ya mchele.
Nimeshika kalamu ya wino.
Ile ya risasi nimempa mtoto achezee.