Sahani Hazikutosha

Siku ya mwisho ya muhula, Bweyale.
Ripoti zimeandikwa, deni la karo chini kwa wino mwekundu,
nami, Mama Posho, nimemtangulia jogoo wa mwalimu mkuu
kuwasha jiko ambalo miezi mitatu
limejua mambo mawili tu: posho, na maharage.

Leo waliambiwa kila mtoto aje na cha kwao.

Wakaja.
Drateru na muhogo ndani ya kanga ya mama yake.
Kumakech na malakwang, na kopo la odii
alilolikumbatia njia nzima kama kifaranga.
Mapendo na sombe iliyotwangwa usiku, bado inanukia kinu.
Wanjohi na githeri ya nyanya yake,
mahindi mengi, maharage ya kuhesabu.
Byamukama hakuleta chakula. Alileta kuni,
mzigo mzima kichwani, shingo imezama mabegani.
Ningeweza ningembusu:
wote hao na vyungu vyao, nani aliukumbuka moto?

Mbuzi ni mchango wa walimu.
Mzee Khamisi, Mnubi, babake Zamzam, ndiye aliyechinja,
"ili," akasema akifuta kisu kwenye majani,
"asiwepo wa kula mchuzi kwa macho."

Kisha ugomvi. Sufuria kubwa ni moja.
Mama wa Kikongo ataka mawese yatangulie,
mama wa Kiacholi asema mawese ni sabuni,
na odii yake isiguswe na mwiko wa mtu.
Nikagonga kifuniko: "Jikoni humu kabila ni moja, wenye njaa!"
Wakacheka.
Wakaendelea kugombana.

Saa nane, sahani zikaisha.
Mia mbili na kumi, na mstari bado umefika kwenye bomba la maji,
maana wadogo zao nao walifuata harufu.
Nikafanya alivyofanya mama yangu kule Nebbi siku za matanga:
nikapakulia wawili wawili.
Sikuuliza ukoo, sikuuliza mlivuka mto gani,
mkono huu na mkono ulio karibu nao, basi.

Wanjohi akafinya uso kwa uchachu wa malakwang,
akarudi kuomba tena.
Gatluak na Deng, niliowaachanisha kwa ndoo ya maji
mwezi wa tatu, mbele ya darasa la tano,
walikuwa na mfupa mmoja:
huyu ananyonya, yule anangoja zamu,
macho hayabanduki.

Akabaki Nyandeng.
Tangu muhula wa pili hajatamka neno.
Hunyoosha sahani, huinamisha kichwa, huondoka.
Hakukuwa na mwenzake ila Mwalimu Kabasinguzi,
aliyemega tonge la karo, akalitobolea shimo la mchuzi, akasema:
"Sisi Wanyoro hatuli na mtu asiye na empaako.
Mimi Akiiki. Yule pale wa kuni, Adyeeri.
Wewe utakuwa Abwooli."
Mtoto akatafuna.
Akameza.
"Abwooli," akasema, sauti ina kutu
kama komeo la stoo yangu kila Februari.

Jioni lango likaachwa wazi.
Magodoro yakapita vichwani, masanduku ya bati,
wa Gulu kwenye lori, wa kambini kwa miguu,
vumbi likawapokea wote bila kuchagua.
Nikabaki na ukoko.

Nyandeng akarudi. Alikuwa na sahani, ameiosha.
Akasimama.
"Na wewe, nani?"
"Mama Posho."
Akatikisa kichwa. Hilo si jina, hilo chakula.
Akafikiri, kidole mdomoni;
hazina yake yote ilikuwa majina matatu.
"Adyeeri," akanipa. "Adyeeri, tutaonana."

Miaka tisa napika nchi hii ya Bunyoro,
na hakuna aliyewahi kuniuliza.

Sufuria ile niliikwangua mara mbili.
Mara ya kwanza siikumbuki.