Mguu wa Arobaini

Burnley, Jumanne, mvua ile isiyonyesha wala isiyokatika,
Maureen Entwistle ananiletea ubao wa saketi
kaufunga kwa taulo la jikoni kama mkate wa moto.
"Wa mashine ya klabu," anasema. "Imekufa akili."

Ni meza ya gololi ya chuma, ya mwaka sabini na tisa.
Anaapa kwamba usiku wa harusi ya dada yake
aliifunga pointi laki nane na elfu kumi na mbili,
na Clifford, mumewe, hadi leo anamwita mwongo.
Ushahidi umo humo ndani.
Utoe.

Nawasha taa ya meza. Naona betri,
kipipa cha buluu kilichowekwa pale
kulinda kumbukumbu umeme ukizimwa.
Imevuja. Imetapika ukungu wa kijani
ukatambaa, ukala njia za shaba moja baada ya nyingine.
Mlinzi ndiye aliyeitafuna nyumba.
(Kikulacho, wahenga walianza;
sikuwamalizia, mikono yote miwili ilishika siki na mswaki.)

Nikasafisha. Nikawasha.
Taa nyekundu ya ubao ikawaka, ikaganda.
Inapaswa kupepesa mara saba, hivyo ndivyo inavyosema nimeamka.
Haikupepesa hata mara moja.

Nikamshika jongoo mweusi wa katikati,
prosesa, miguu ishirini huku, ishirini kule.
Wewe, nikamwambia.
Nikamng'oa, nikaagiza mwingine kwa bwana mmoja wa Leeds.
Taa imeganda.
Nikaagiza wa tatu, akaja na stempu za Kanada.
Taa imeganda.
Bongo tatu mezani, chali, miguu juu,
na chai yangu imefanya utando.

Tabia hii naijua.
Kaka yangu Mhina alipoacha kuitika
nyumba nzima tulisema ni kichwa.
Tulimzungusha kwa waganga wa vichwa miaka miwili.
Lilikuwa sikio.

Basi nikaacha kushtaki, nikaanza kupima.
Volti tano: zipo.
Saa yake: inadunda, mawimbi mawili yanapokezana
kama watu wanaotwanga kinu kimoja.
Mguu kwa mguu, ncha ya kipimo ikitetemeka
(miwani yangu ni ya pauni tatu).
Siku za mwizi arobaini;
miguu ya asiyeiba, nayo arobaini,
na ni ule wa mwisho uliosema.

Sifuri nukta mbili.
Mguu wa amri: ukiwa chini, maana yake ngoja.
Ukipanda, anza.
Haukupanda.
Transista ndogo kama punje ya choroko
ilikuwa imeoza kifundo, haiwezi kuunyanyua.

Kumbe hakufa.
Alitii.
Miaka kumi na tisa ghalani, na kila mtu aliyechomeka waya
alimkuta macho, anangoja ruhusa.

Nikachoma lehemu, moshi wake ukanijaa puani.
Nikamrudisha yuleyule wa kwanza, si wa Leeds, si wa Kanada.
Nilimwia radhi; hakuna aliyesikia.
Moja. Mbili. Tatu. Nne. Tano.
Ya sita ilisita, nami nikasita nayo.
Saba.

Jumamosi, klabuni, meza ikapiga kengele zake zote
na mzee mmoja akamwaga bia.
Maureen akainama kwenye kioo cha rekodi.
Sifuri, sifuri, sifuri, sifuri, sifuri, sifuri.

Nilikuwa nimemwonya: betri ikifa, hesabu hufa nayo.
Alikuwa ameitikia kwa kichwa, kama mtu anayemsikiliza daktari.
Clifford akatazama glasi yake. Hakusema neno,
na hilo naliandika kwa faida yake.

Maureen akafungua mkoba, akatoa peni kumi,
akavua pete zote mbili, akanipa nishike.
Gololi ilipanda, ikagonga, ikateleza katikati ya mikono ya chuma.
Sekunde kumi na moja.

"Ilikuwa inapasha misuli," akasema,
mkono wake tayari umefunguka mbele yangu.
"Niazime kumi."