Bastola ya Alojz

Mlekuž aliileta katika kopo la biskuti,
imeviringishwa fulana kuukuu,
akaniuliza bei kabla ya kuniuliza jina.
Subiri, nikamwambia. Chuma nacho kina kauli yake.

Steyr, ya jeshi la mfalme asiyekuwepo tena,
muhuri wa mwaka kumi na sita ungali unasomeka.
Hadi hapo ni ndugu wa nyingine elfu.
Kisha pete ya kukinga kidole:
imekatwa mbele, ikapigwa tupa hadi ikalainika.
"Glavu," nikasema, kwa sauti ya msomi.
"Kule juu ya Krn, theluji kiunoni,
kidole chenye sufu hakipiti."
Mlekuž akaandika. Nikajisifu kimoyomoyo.

Mpini ndio ulionisuta.
Si wa kiwandani. Ni mti wa pea,
umechongwa kwa kisu cha mfukoni, bila papara,
na bonde la kidole ni moja tu.
Mkono wangu wa kulia ukaukataa.
Wa kushoto ukaingia kama mguu katika kiatu cha mwenyewe,
ila vidole viwili vya mwisho
vikabaki hewani, wageni wasio na kiti.

Kuni zikapasuka jikoni.
"Alojz," akasema, "baba wa babu. Mtu wa shoto.
Katika kila picha mkono ameuficha nyuma ya kofia."

Basi haikuwa glavu.
Kilikuwa kidole kilichogoma kukunjika.

Nikaifungua yote, springi juu ya gazeti,
pini ya kugonga risasi chini ya lenzi.
Ncha haipo.
Haikuvunjika, imesagwa,
na mikwaruzo yake si ya tupa:
ni ya jiwe la kunolea mundu,
lile ambalo wanawake wa huku
walilibeba kiunoni, ndani ya pembe ya ng'ombe yenye maji,
wakipanda kukata nyasi.

Kuna aliyeamka usiku akaing'oa jino,
akairudisha mahali pake, skrubu zote zimekazwa.
Je, Alojz alijua?
Aliipaka mafuta maisha yake yote. Yangali yananukia.

Bei: silaha iliyochezewa hushuka. Nikaandika robo.
Mlekuž hakuitazama karatasi.
Aliuliza jina la yule mwanamke,
mimi, mtu baki, aniulize mimi,
nami, fundi mzima, nikainamia tena lenzi
kulitafuta.