Pakiti ya Mia na Kumi na Nane

Saa kumi na mbili na robo asubuhi, juu ya paa, Himbi.
Shamavu amefunga antena kwa mpira wa baiskeli
kwenye bomba la maji lisilowahi kuona maji.
Modemu yenyewe haizidi kipande cha sabuni;
inakaa ndani ya kopo la maziwa ya unga
kwa sababu ya mvua,
na kwa sababu hatuna kingine.

"Hii inafika wapi?" Kasoki anauliza, vidole kwenye rimoti.
"Kilomita arobaini, kukiwa na uwazi."
Uwazi! Anacheka hadi anakohoa.
Goma, mji uliowekewa mlima mlangoni.

Droni imeshapita Kibati na pua yake ya waya.
Tunainusisha mabonde, mashimo ya lava ya zamani,
pale mazuku hulala chinichini
na kumsubiri mtoto aliyeinama kuokota kuni.

Kila sekunde kumi, mstari mmoja:
urefu 1940, betri 62, satelaiti 11, hewa mbaya kidogo.
Haisemi habari za kuamka.
Haisemi nimechoka.
Shamavu ameipunguzia mwendo kwa makusudi:
ukitaka neno lifike mbali, anasema,
lichukue polepole, na lisiwe na ndugu wengi.

Baba angemwelewa. Baba alikuwa mtu wa fonia,
kibanda cha parokia, Walikale,
betri ya lori, waya kati ya miparachichi miwili.
Watu walipanga foleni nje wakingoja zamu ya kupayuka:
Mama amejifungua, ova.
Tuma chumvi, ova.
Yule mbuzi si wako, ova!
Posa na deni na msiba vilipita waya mmoja,
na kijiji kizima kikasikia.
"Usipige kelele," baba aliwagombeza, "mlima hauna masikio,"
nao wakapiga kelele zaidi.

Hasi tisini na sita.
Hasi mia na nne.
Kasoki ameacha kutafuna.
Hasi mia na kumi na tatu, pakiti ya mia na kumi na nane,
kisha bega la mlima,
kisha skrini inabaki na namba zile zile
kama saa ya marehemu ukutani.

Shamavu anaizungusha antena taratibu,
anavyogeuzwa mgonjwa kitandani.
Huko chini chukudu inateremka na makaa,
breki yake ya raba inalia.
Hakuna anayesema neno. Droni ni ya mkopo.

Kulikuwa na mama mmoja, Nabintu, aliyekuja kila Jumamosi.
Mwanawe alikuwa machimboni. Siku moja alimpata,
akasikia: "Mama, mwambie Safari kwamba mimi ni—"
na hewa ikajaa mchanga.
Ni nani? Ni mgonjwa? Ni tajiri? Ni mwoaji?
Baba aliandika kwenye daftari neno lile nusu,
akachora mstari mrefu hadi ukingoni mwa karatasi.
Mama yule aliendelea kuja miaka miwili.
Hakudai tena kuongea. Alikaa tu karibu na spika,
akasikiliza mchanga.

Dakika ya saba, kopo la maziwa likawasha taa ya kijani.
Pakiti ya mia na sitini na moja.
Urefu 1815, betri 31,
hewa mbaya: namba nyekundu, tarakimu tano,
bondeni, kando ya njia ya kwenda kisimani.

Kasoki alianza kuirudisha huku akinitukana bila sababu.
Shamavu alikuwa tayari kwenye simu na mkuu wa mtaa:
leo wasipite huko, hata mbuzi, ndiyo, hata mbuzi.

Mimi nilifungua daftari.
Kati ya mia na kumi na nane na mia na sitini na moja
zimepotea arobaini na mbili.
Sikuzikisia. Nilichora mstari
hadi ukingoni mwa karatasi,
nikapuliza wino ukauke.