Kwa Mafuta Yake

Darubini imechoka kusema neno moja:
vijiti. Vijiti. Vijiti tena.
Sampuli kumi na nne za tope la Msimbazi,
zote sawa kama punje za mchele.

Basi tunazichemsha kwa magadi ya sabuni,
tunakamua mafuta ya ngozi zao,
tone lisilotosha kukaanga dagaa mmoja.
Mashine inayanusa, inachora vilima.

Mama alikaanga mihogo Buguruni.
Usiku wa mgao wa umeme
alizitaja nyumba kwa pua:
hapa mawese, wametoka Kigoma;
hapa samli, kuna mgeni;
hapa mafuta ya juzi, usiulize.

Hakujua ananifundisha kazi.
Kaboni kumi na tano, tawi mkiani: ukoo huu.
Nta nzito, kaboni themanini:
jamaa wa kifua kikuu huyo,
vaa barakoa, Haonga!

Ya kumi na nne imegoma.
Kilima kimoja katikati, hakimo daftarini,
na jenereta limezima kabla sijarudia.

Upanga yote giza.
Vidole vinanuka klorofomu.
Kwa tochi ya simu naandika kwenye lebo:
Kumi na nne, wa Jangwani.
Kwao sijapajua.