Toleo 0.9.4

Nililitoa Ijumaa, saa tano usiku,
saa ile ile Urho aliyonikataza.
"Usitoe toleo Ijumaa," aliniambia
siku aliponikabidhi funguo za ghala.
"Jumamosi watu wanakwenda ziwani."
Nilidhani anazungumzia mapumziko.

Oulu, Februari. Jikoni, soksi mbili mbili,
natazama majaribio yakipita:
kijani, kijani, kijani,
mia tatu na kumi na mawili, yote kijani
kama shamba la mtu mwenye bahati.
Nikabonyeza.
Kifurushi kikaenda zake duniani.

Kinaitwa Railo, kwetu ni ufa wa barafu.
Kipe halijoto ya siku arobaini,
kipe theluji na upepo,
kitakupa unene wa barafu kwa sentimita.
Kimeandikwa kwa lugha yenye jina la chatu
na kama chatu hakitafuni:
humeza ulichokilisha, hata uongo.

Mistari elfu nne. Nusu ya Urho,
robo yangu, iliyobaki ya watu
nisiowajua hata kwa sura:
Isidora wa Valdivia, anayenyoosha nyaraka zetu
huku ananyonyesha;
mwingine mwenye picha ya bundi, asiye na jina,
alirekebisha kosa moja, akatoweka.
Halipwi mtu. Urho alilipwa mara moja tu,
mkate wa shayiri, na mama mmoja wa Hailuoto.

Jumamosi, saa mbili asubuhi, ujumbe.
Nurgazy, kando ya ziwa Balkhash:
"Salamu. Railo inasema 41.
Kekee yangu inasema 29.
Pengine kosa ni langu."

Pengine kosa ni langu.
Wenye adabu hii ndio huwa sahihi.

Nikasoma mpaka kahawa ikapoa.
Sisi nasi tuna tunaowaegemea,
nao wana wao, mgongo kwa mgongo mpaka chini kabisa
ambako mtu mmoja, sijui wapi, amezuia ukuta kwa bega.
Huko mtu alibadilisha neno moja:
theluji isiyotajwa zamani ilikuwa "haijulikani".
Sasa ni sifuri.

Sifuri!
Theluji ni blanketi, barafu chini yake hukua kwa uvivu.
Livue blanketi, kwenye hesabu tu,
na ziwa linanenepa sentimita kumi na mbili
zisizokuwepo.
Majaribio yangu yote yalikuwa na theluji.
Hakuna hata moja lililouliza: na asiyejua?

Toleo likishatoka halirudi.
Namba yake haitumiki tena,
hata ulifute, hata ulie.
Unalitia alama lisichukuliwe,
unasema sababu, unatoa jingine.
Niliandika: *Hesabu zinazidi ukweli. Usivuke kwa namba hizi.*
Chini yake jina langu.
Hapo ndipo vidole vilipochelewa.

Lilikuwa limepakuliwa mara sitini na tatu.
Watu au mashine, sijui.

Adhuhuri, 0.9.5, na jaribio moja la ziada.
Nurgazy nikamtia kwenye orodha ya wachangiaji:
hakuandika hata mstari,
alitoboa tundu.

Nikampigia Urho, nimejiandaa kukaripiwa.
Kimya. Kijiko kikigonga kikombe.
"Mwaka wa kwanza," akasema, "nilisahau alama ya kutoa.
Ikajumlisha."
"Ikawaje?"
"Farasi," akasema. "Farasi mmoja, wa jirani."
Halafu akaniuliza kama nimekula.

Jioni, Balkhash tena:
"Nimesasisha. Sasa inasema 30.
Kekee, 29. Lori la majani linasubiri.
Nimwambie nini dereva?"

Nilifuta majibu matatu marefu.
Nikaandika: iamini kekee.