Iltihabu

Daktari alilitamka kwa Kiarabu, iltihabu,
akazungushia kalamu namba moja
kwenye karatasi ya damu:
imepanda kidogo, si sana.
Ndani ya neno nikasikia miali,
maana neno hilo limechomolewa motoni.
Garini nikalitafuta kwa lugha ya mama yangu:
uvimbe, nikasema. Lakini Azzan hajavimba popote.
Ana miaka minane, mikono kama vijiti vya mishikaki,
na viwiko vilivyochanika kwa kujikuna.

Huku Mabela vumbi halibishi hodi.
Linapita kwenye kiyoyozi, linalala juu ya mito,
naye huamka kifua kikipiga filimbi,
huenda skuli na soksi mbili zisizojuana,
hurudi na mwandiko wa mwalimu Shamsa:
Hakai. Hasikii. Leo kapoteza kifutio cha tatu.

Dada Zuwena kasema, mchape.
Mama kasema, msomee
(nimemsomea, mpaka aya zimemzoea).
Jirani kasema ni sukari. Mwengine, ni simu.
Daktari peke yake kasema labda.
Labda pumu, na ngozi, na huu utoro wa akili
ni ndugu wa tumbo moja.
Labda moto mdogo mwilini
hupeleka moshi kichwani.
Labda sivyo. Wapo wanaopima, alisema,
watoto wengi, miaka mingi, na bado hawajakubaliana.
Akaandika dawa ya kupulizia na dawa ya kupaka.
Labda haiandikwi kwenye cheti.

Kuna jambo nilitaka kuuliza, nikalimeza:
mwezi wa saba wa mimba yake, katikati ya Julai,
nililala wiki nzima na homa,
nikitafuna barafu gizani.
Je, moto uliwashwa kwangu?
Nikalikunja swali, nikalitia mkobani
pamoja na risiti ya maegesho.

Usiku nampaka dawa kwenye viwiko.
Nje ya dirisha, bomba la kiyoyozi
linadondosha maji ndani ya ndoo.
"Mama, nyamaza," ananiambia. Yeye, ananiambia mimi.
Anahesabu.
Nabaki na dawa kidoleni, sigusi kitu.
Mia na arubaini. Mia na arubaini na moja.
Hajikuni. Hapepesi.
Ile akili wanayosema haipo
imekaa kwenye ncha ya bomba,
inasubiri tone liivae.

Mia mbili na kumi na moja, ndoo inafurika.
Anacheka, anaruka kutoka kitandani,
anakimbia kwenda kuumwagia mndimu,
kasahau viatu,
kasahau mlango,
na vumbi, kama kawaida yake,
limeshaingia.